Sheria Inaishia Mlangoni

OVIDE: Haloo? Nani mwenzangu? Huku leo hata upepo unapiga hodi.

CLOTHILDE: Baba, ni mimi, Clothilde. Bado uko nyumbani?

OVIDE: Niko barazani napunga upepo. Wa bure, na unazidi kuletwa.

CLOTHILDE: Umekula?

OVIDE: Bamia na kamba, chungu kizima. Umeme umekatika, nikaona wasiozee kwenye friji bure.

CLOTHILDE: Jirani yako Ursin anasema amekaa kwenye pikapu hapo nje tangu mchana anakusubiri. Barabara ni hiyo moja, baba, na maji yameshaanza kuilamba. Unangoja nini?

OVIDE: Nangoja haki yangu. Hapo ukumbini mlipokimbilia kimbunga, si wamebandika tangazo kwamba bastola haiingii?

CLOTHILDE: Wamebandika.

OVIDE: Basi sheria ya Louisiana inasema likitoka tangazo la kuhama, raia mwema anaificha bastola yake chini ya koti, hata kibali haulizwi. Barabarani, kwenye giza, katikati ya walevi na vimbunga, serikali inaniamini. Nikifika kwenye vitanda vya kukunja na biskuti za kanisa, nimeshakuwa jambazi.

CLOTHILDE: Sheria inakufikisha mlangoni. Mlangoni yupo mama mmoja mwenye fulana ya njano, na ukumbi ni wa kanisa lake.

OVIDE: Mpe salamu. Mwambie mimi nabaki kulinda nyumba.

CLOTHILDE: Unalinda nini? Friji tupu?

OVIDE: Wezi hawajui kama ni tupu.

CLOTHILDE: Wezi wamehama, baba. Wana akili kukushinda.

[mkwaruzo]

OVIDE: —umesema nini?

CLOTHILDE: Nasema vitu umeshavining'iniza?

OVIDE: Vyote nimevifunga kwa kamba juu ya boriti. Redio, jiko, kiti cha mama yako. Kiti nilikitanguliza.

CLOTHILDE: Na wewe?

OVIDE: Mimi mzito. Isitoshe, askari wa sherifu kapita, kanihudumia vizuri sana. Kasema kama sihami niandike jina mkononi kwa wino usiofutika, wakiniokota wasije wakapata taabu ya kuuliza. Hata kalamu kanipa. Serikali hii ina huruma.

CLOTHILDE: Umeandika?

OVIDE: Herufi nzuri tu. Mama yako angenisifu.

CLOTHILDE: Baba.

OVIDE: Naam.

CLOTHILDE: Baada ya mazishi ya mama nilikukuta umekaa kwenye hicho kiti chake, na hiyo bastola pajani.

OVIDE: Nilikuwa naisafisha.

CLOTHILDE: Mpaka kunakucha?

OVIDE: Ilikuwa chafu.

[upepo, honi mbali]

CLOTHILDE: Ursin huyo?

OVIDE: Nani mwingine ana honi inayokohoa?

CLOTHILDE: Nifanyie jambo moja. Itoe risasi, nisikie.

OVIDE: Simu yangu umeigeuza mahakama?

CLOTHILDE: Itoe tu.

[mlio wa chuma, kitu kidogo kinagonga ubao]

CLOTHILDE: Endelea.

OVIDE: Nimemaliza.

CLOTHILDE: Risasi moja? Kwa wezi wote wa Louisiana?

OVIDE: Enzi zangu nililenga vizuri.

CLOTHILDE: Kitanda cha pembeni yangu nimekiwekea koti langu. Kila anayekuja nasema kina mwenyewe. Mama wa fulana ya njano ameshanichoka.

OVIDE: Huyo naye achoke kidogo.

CLOTHILDE: Usinifanye niendelee kumdanganya, baba.

[mkwaruzo mrefu]

CLOTHILDE: Baba? Haloo? Baba—

OVIDE: Nipo. Usipige kelele, nilikuwa nafunga fundo.

CLOTHILDE: Fundo la nini?

OVIDE: Bastola nimeifunga kwenye kiti cha mama yako, huko juu. Ailinde yeye. Hakunidanganya hata siku moja.

CLOTHILDE: Na risasi?

OVIDE: Hiyo nimewatupia samaki. Wao hawana tangazo mlangoni.

[honi tena, ndefu]

OVIDE: Nakuja, Ursin! Mtu hawezi kuvunja sheria kwa utulivu? Mwanangu, chaji inakata.

CLOTHILDE: Panda gari kwanza, ndipo ukate simu.

OVIDE: Nimeshaweka mguu. Sikiliza, mwambie huyo mama wa njano kuna mzee anakuja na jina lake limeandikwa mkononi. Nimelisugua kwa sabuni, halitoki. Asije akaniweka kwenye mizigo iliyopotea.

CLOTHILDE: Nitakupokea mwenyewe mlangoni. Baba? ... Baba, mlango wa gari umeufunga? Haloo?

[mlango wa gari, simu inakatika]