Chumba cha Rangi cha Bi Gaétane Hakifungwi

Leo, tarehe 30 Juni 2024, Bi Gaétane Robitaille anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo cha kupokea taka za nyumbani cha mji wetu wa Sainte-Honorine. Barua ya kustaafu ilibidi iandikwe mara mbili, kwa kuwa ya kwanza ilimwita "mtunza stoo", akaichana palepale. Yeye ni mtu wa rangi za kupaka kuta. Naandika kwa niaba ya wenzake saba, na nitajitahidi kuwa na adabu, ingawa mwenyewe hakunifundisha sana jambo hilo.

Alianza getini mwaka 1993. Siku hizo kopo la rangi lilitupwa kwenye kontena moja na makochi na matofali. Na makopo hayakuwa haba, hasa siku ya kuhama, tarehe 1 Julai, mikataba ya nyumba inapoisha na mji mzima unabadilishana vyumba. Anayetoka humwachia anayeingia rangi iliyobaki, kwa heshima, ili azibe michubuko ukutani. Anayeingia haitaki, anapaka yake, na akihama anaacha kopo lake juu ya lile la kwanza. Bi Gaétane aliwahi kuletewa makopo kumi na tisa kutoka kabati moja. Mwenye kabati alikuwa amehamia wiki hiyo.

Mwaka 1996 kuna bwana mmoja hakutaka kusumbuka. Alimimina makopo yake kwenye mtaro wa maji ya mvua, na mtaro ule unaishia kijitoni. Maji yakawa ya kijani hadi darajani, samaki wakaelea matumbo juu. Bi Gaétane aliokota samaki ndoo nzima, akaufuata mtaro kurudi nyuma nyumba kwa nyumba mpaka akapata mlango wenye matone. Akabisha. Alimwambia yule bwana, "Nimekuletea mboga yako. Sasa nipe makopo yaliyobaki." Akapewa, hata na lile la jikoni lililokuwa bado linatumika.

Baada ya hapo aliomba chumba. Akaambiwa asubiri. Alichukua kona ya banda la chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, akaifagia, akafunga hita aliyoing'oa sebuleni kwake, maana rangi ya maji ikiganda haifai tena. Mumewe alikaa na makoti mawili mwezi mzima. Kibali cha chumba hicho kilikuja miaka minne baadaye, na Bi Gaétane hakuifungua bahasha.

Kazi yake haikuwa na njia ya mkato. Kila kopo alilifungua, akalikoroga kwa kijiti, akalinusa. Rangi ya maji iliyo nzima bado aliichuja na kuichanganya na nyingine za rangi ileile, ikarudi kwa wakazi ndani ya ndoo safi. Iliyooza aliikausha kwa vumbi la mbao. Ya mafuta ilikaa kwenye pipa lake, mbali na hita, ikisubiri lori maalumu, na ole wako ukiliegemea pipa hilo na sigara. Kila mwezi wa Aprili walifika wazee wenye makopo yaliyolala vibandani bustanini tangu vuli, rangi imekatika kama maziwa. Aliwapokea vilevile: "Mzee wangu, umeilaza nje na theluji yote ile, halafu leo unaniletea maiti?" Wakacheka, na mwaka uliofuata wakaleta maiti nyingine.

Sasa niseme lililo moyoni. Aprili hii mkurugenzi wetu alipeleka pendekezo kwa madiwani: Bi Gaétane akiondoka, chumba kifungwe, na makopo yote yarudi kwenye kontena bila kufunguliwa. Alisema chumba kinachukua nafasi, na mabaki ya rangi hayana anayeyataka. Bi Gaétane alisimama kikaoni akamuuliza meya nani alichagua rangi ya ukumbi ule tuliokaa. Meya akajibu kwa fahari kwamba ni yeye, na ni rangi nzuri sana. "Asante, Bwana Meya," akasema. "Ni makopo arobaini na moja ya mabaki. Upande wako kuna kidogo ya choo cha shule." Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, meya naye akacheka, lakini kura haikupigwa. Waliisogeza hadi Septemba, Bi Gaétane akiwa ameshaondoka.

Hatukuzaliwa jana. Tunajua kwa nini ni Septemba. Mkurugenzi ameisoma nakala hii na kuomba kwa upole tuiondoe aya iliyotangulia. Tumeiacha, na kwa upole uleule.

Mwezi Mei Bi Gaétane aliingia chumba cha chakula akatangaza kwamba hastaafu tena. Atabaki mpaka kura ipigwe, hata kama ni miaka mitatu. Magoti yake yamekwisha. Anashika ukuta akishuka ngazi mbili, na dada yake Rollande anamngoja huko Gaspé tangu mwaka juzi. Katika miaka yote hakuna kati yetu aliyewahi kumkatalia kitu mama huyu. Siku hiyo tulimkatalia, wote saba, mmoja baada ya mwingine, na mimi nililia. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu alituweka mstari mbele ya makopo, akatupa vijiti, na tangu hapo hakuna kati yetu asiyejua kutofautisha rangi iliyo hai na iliyokufa kwa pua peke yake. Aliyekosea alirudia.

Bi Gaétane, asante kwa kijito, asante kwa kuta, na asante kwa matusi, ambayo mengi tulistahili. Nenda Gaspé ukakae na dada yako, magoti yapumue. Kesho ni siku ya kuhama. Usije kuchungulia, mlango tutaufungua wenyewe. Tunakuombea uzee mtamu na mrefu, na utusamehe kwa kukukatalia. Septemba tutawakatalia na wao.

Réal Guilbault, kitengo cha chuma chakavu, kwa niaba ya wote saba