Kipimo Kilichorudiwa cha Mama Pindo

Siku Mama Pindo alipopimwa mara ya kwanza, tarehe 4 Machi mwaka huu, chumbani walikuwemo daktari wa matumbo, muuguzi mwenye miwani na marehemu mwenyewe, na nje, kwenye benchi, walikaa mwanawe fundi umeme, binti yake, na mkamwana wake akiwa na mtoto mgongoni. Tunawataja mapema kwa sababu mengi yamesemwa kuhusu siku hiyo, na waliosema wameketi hapa msibani.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1959, mtoto wa tatu wa mwashi, akasoma hadi darasa la saba, akafungua kibanda cha cherehani nyuma ya stendi, na jina la Mama Pindo alilipata kwa kuwa hakukubali nguo itoke pindo likiwa limeenda upande, hata mteja alie. Mwaka 1981 aliolewa na dereva wa lori, aliyemtangulia, wakajaliwa binti na mvulana.

Tumbo lilianza kumchoma kama moto mwaka ambao mkamwana aliolewa nyumbani hapo, na binti akaanza kusema mama analishwa kitu. Daktari alishuku bakteria, akaagiza vidonge vya kupunguza asidi viachwe wiki mbili kabla ya kipimo, maana huwafanya bakteria wajifiche. Siku hiyo alimpitishia mdomoni mpira wenye kamera, muuguzi akimshika mkono na kumfuta mate kama mtoto, akanyofoa kipande cha nyama mfano wa punje ya mchele, akakiweka kwenye dawa ya njano ambayo bakteria wakiwepo hugeuka waridi. Ilibaki njano.

Binti hakungoja hata mama avae viatu. "Haya, wadudu hawapo," alimwambia wifi yake mbele ya wagonjwa wote, "sasa sema wewe, mpishi, unamtilia nini mama yangu?"

Tangu hapo sufuria la mkamwana halikuguswa na ndugu yeyote, isipokuwa marehemu, ambaye huku akitolewa macho alikuwa akivuta kiti na kusema, "Nipakulie, mwanangu, nina njaa."

Septemba, marehemu akiwa amekonda, daktari alimuuliza kama kweli aliacha vidonge, naye akajibu bila hila, "Binti yangu alinionea huruma, alinipa kila usiku." Ilikuwa huruma kweli, hatukatai, lakini ndiyo iliyodanganya kipimo, na mzigo akabebeshwa mwingine. Oktoba kilirudiwa, safari hii vidonge vikiwa vimefungiwa na mwanawe, na dawa iligeuka waridi mbele ya macho ya wote. Matibabu yalianza siku hiyo hiyo, ila kidonda kilikuwa kimechimba sana, kikatoboka, akafariki tarehe 9 Novemba wodini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkamwana.

Tunamshukuru daktari aliyekubali kurudia kazi yake bila kuona aibu, muuguzi mwenye miwani, majirani waliobeba maji, na mafundi wenzake marehemu wa stendi waliofunga vibanda leo. Ndugu waliomwita mtu mchawi hatuna la kuwashukuru.

Lala salama, Mama Pindo, pindo lako limenyooka.

Radhi haijaombwa. Chai ya asubuhi hii imepikwa na mkamwana, na binti wa marehemu ameomba aongezewe.