Steki ya Mke wa Benedikto

Kwenye basi dogo lililotoka Lindi, Mzee Benedikto alikuwa amepakata mfuko wa nyama na viazi mviringo. Mama muuza samaki aliyekaa naye akamwuliza kama anatarajia wageni.

"Nampikia mke wangu, mwanangu. Tangu atoke hospitali hataki kula kitu. Nitamkaangia steki, na viazi niviponde kwa maziwa."

"Baba, mgonjwa na steki wapi na wapi? Mchemshie samaki, anywe supu." Kwa mama yule hakukuwa na maradhi yasiyotaka samaki.

"Supu imemchosha. Steki ndiyo niliyompikia siku ya kwanza alipokuja kwangu, akamaliza yake na yangu. Nitamkatia vipande vidogo."

"Na akikataa?"

Mzee akautazama mfuko. Swali hilo alikuwa nalo tangu buchani. "Basi nitakula mimi, nimekaa naye kitandani, tuzungumze."

Basi liliposimama njia panda ya Kiswere, mama akamshika mkono mzee wakati anashuka, kisha akampitishia dirishani ule mfuko wa nyama na viazi.

"Usiikaushe sana, baba," alisema. "Na supu uchemshe vilevile."