Njia ya Ng'ombe, Kilima cha Likwela

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abdulatifu; viongozi wetu wa dini; ndugu zetu mliotoka Nachingwea na Ruangwa mjini kuja kutembea; mama zangu, baba zangu, na ninyi watoto mliokwishapanda juu kabla ya utepe kukatwa: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mimi ni Saada, mama Yasmini. Shule niliishia darasa la saba, nikikosea mnivumilie. Nimeambiwa nitoe shukrani kwa niaba ya akina mama tunaouza uji na mihogo hapa chini ya kilima, na kweli tunashukuru. Nani alijua watu watatoka mbali na pikipiki kuja kuliangalia ziwa hili, ambalo sisi tunachota maji na kuondoka?

Ila shukrani yangu mimi ina mwenyewe.

Yasmini huyu mnayemwona alichelewa kutembea. Hospitali wakaniambia, mama, mtembeze, mpandishe na vilima, miguu ipate nguvu. Nikamleta hapa. Mnaikumbuka njia yetu ya kwanza, tuliyoichimba wenyewe, imenyooka kama kamba mpaka juu? Masika yalipita nayo. Mwanangu akienda kidogo anateleza, analia, na mimi nalia.

Siku moja akatokea Lydia, mke wa Methusela mfugaji, anavusha ng'ombe kwenda ziwani. Akasimama.

"Mama Yasmini, unagombana na kilima?"

Nikamjibu kwa hasira, "Sasa nipite wapi, nipae?"

"Fuata ng'ombe," akasema. "Ng'ombe hapendi kuchoka bure."

Tukafuata. Njia yao inazunguka taratibu, inapumzika penye kivuli, halafu ndiyo inapanda tena. Yasmini akashika mkia wa ndama, jamani, mkia wa ndama, akafika juu! Mzee Bakary, usicheke, na wewe magoti yako yanapita hapo hapo.

Ndugu wageni waalikwa, njia tunayoifungua leo ndiyo hiyo. Kamati imepanga mawe, imeweka na mabenchi, Mungu awalipe; lakini walioichora wana kwato. Na uzio wa kuwazuia ng'ombe hao umefika nusu. Ukimalizika, ng'ombe hawatavuka tena kwenda kunywa. Je, hiyo ndiyo asante yetu?

Najua uzio umetoka wapi. Msimu uliopita ufuta uliliwa na ng'ombe hao, wa baba yangu pia, na baba aliumia sana. Lakini Methusela na Lydia walikuja na majembe yao, wakapanda upya pamoja naye. Baba yule pale, muulizeni.

Mheshimiwa, siombi uzio ung'olewe. Naomba mlango. Alfajiri ng'ombe wapite, wageni wapande jua likitoka. Samadi tutaizoa sisi akina mama, bustani zetu zinaitaka.

Nimeambiwa Yasmini ndiye atakayeshika utepe. Basi, Mheshimiwa, ukishaukata, mfuate yeye. Njia nyingine haijui. Mkifika penye kivuli atasimama. Msimhimize, hajachoka. Amezoea pale kumsubiri ndama.

Asanteni sana kwa kunitegea sikio.