Bigijii ya Mama Ozella

Mheshimiwa Jaji, Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka wa Kaunti yetu ya Okachita, Bwana Royce Tillery, uliyeketi karibu na keki, Mchungaji, mwenye ukumbi huu; nawe Bi. Verdell Hargis, karani wa mahakama, ambaye tunakuaga leo baada ya miaka thelathini na mmoja. Ndugu wageni waalikwa, na ninyi mliofuata kambare wa kukaanga:

Kabla sijaendelea, mwenye barua ya kuitwa Jumatatu kwenye jopo la raia wanaoamua kesi, tafadhali aende jikoni kwanza. Asije akakataliwa kwa kosa la kunisikia. Naam, naona meza ya nne nzima imehama. Mama Ozella, polepole, hapo mlangoni pana utelezi.

Naitwa Cleophus Ratliff. Msishangae kuniona kwenye ratiba kati ya keki na sala ya kufunga. Ratiba kaichapa Bi. Verdell mwenyewe, na juzi alinipigia simu: "Cleo, una dakika tano. Vaa tai, na usinitie aibu." Tai ndiyo hii. Hilo la pili tutaliona.

Wakili wangu amenionya nisiizungumzie kesi yangu, maana Jumatatu inaanza upya. Nami ni mtiifu. Nimefanyishwa mazoezi ya utii gerezani miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo nitasema yale tu ambayo mahakama ya rufaa imekwisha kuyaandika, na Mheshimiwa Jaji naona umeshaitazama saa yako.

Nianze na sifa za Bwana Tillery. Ghala la pamba la Haskew lilipoungua, nami nikashtakiwa kulichoma, alihitaji raia kumi na wawili wa kuamua kama nina hatia. Alichagua kwa makini kama mtu anayenunua farasi. Watu weusi watano walikalia kiti cha kuhojiwa, na wote watano aliwakataa. Si kwa rangi yao, maana sheria inakataza, Mungu apishe mbali, bali kwa sababu nzito nzito. Mmoja alikunja mikono. Mwingine aliikunjua. Na Mama Ozella Pickens, aliyefundisha watoto wa kanisa hili miaka arobaini, alikuwa anatafuna bigijii. "Anayetafuna hasikilizi," alisema Bwana Tillery, na jaji wa wakati ule akakubali.

Jopo likakaa, weupe kumi na wawili. Nikakutwa na hatia, nikapewa miaka ishirini. Binti yangu Janelle alikuwa na miaka minne. Leo ana kumi na mitano, na akisahau kidogo ananiita "Bwana Ratliff", kisha anajirekebisha haraka: "Baba." Hilo linaniuma kuliko gereza, na sitalifanyia mzaha.

Sasa, nani alikumbuka kwamba pale kona ya chumba ameketi mwanamke anayeandika kila kitu? Nani kachelewa, nani kapiga chafya, feni ipi inalia. Makarani wenzake walimcheka: "We Verdell, utaandika hata nzi!" Akawajibu, "Akiingia kesi ikiendelea, namwandika." Na kwenye daftari lake la siku ya tatu majaji wa rufaa walikuta mstari huu: "Mjumbe namba saba anatafuna bigijii. Amekumbushwa mara mbili. Ameibandika chini ya benchi." Namba saba, ndugu zangu, alikuwa mweupe, na alikaa mpaka mwisho. Majaji wakauliza: bigijii ya mama ilikuwa na dhambi gani ambayo ya bwana huyu haikuwa nayo?

Halafu kuna mapambo. Desemba ya mwaka juzi, Bi. Verdell alifungua boksi la kupambia mahakama, lililoshushwa kutoka ofisi ya Bwana Tillery, limeandikwa "Krismasi". Ndani, chini ya malaika wa plastiki, mlikuwa na karatasi moja, maelezo yaliyoandikwa na polisi. Shahidi pekee aliyeapa kwamba aliniona alimwambia polisi siku ileile ya moto: "Sura sikuiona, miwani niliiacha nyumbani." Karatasi hiyo wakili wangu hakupewa kamwe. Lakini tuwe waungwana: Bwana Tillery hakuitupa. Aliihifadhi pamoja na malaika.

Bi. Verdell alikaa nayo wiki nzima bila kulala vizuri. Ameniambia mwenyewe, na simlaumu; mkubwa ni mkubwa, na pensheni ilikuwa inakaribia. Kisha akampigia simu wakili wangu: "Mimi mambo ya sheria siyajui, najua mapambo tu. Na hili si pambo."

Hukumu ikafutwa. Leo shahidi ni marehemu, ghala halipo, lakini ari ya Bwana Tillery iko hai, na Jumatatu saa tatu asubuhi atachagua watu kumi na wawili wengine. Ndugu wageni, naogopa. Nalala nikihesabu miaka tisa iliyobaki, na Janelle atakuwa na ishirini na minne. Tena kona ile ya chumba itakuwa na karani mpya, kijana mwenye adabu, anayeandika muhtasari.

Kwa hiyo zawadi. Kamati imekununulia kiti cha kubembea, Bi. Verdell, na ni kizuri. Mimi nimekuletea daftari na kalamu. Umestaafu kazi, macho hayajastaafu. Mahakama ni ya wazi, na benchi la wananchi halihitaji cheo.

Nimalizie. Wakati naingia, Mama Ozella alinishika mkono hapo mlangoni. Sasa ana miaka themanini na mmoja, na barua ya wito imemfikia tena. Akaninong'oneza: "Mwanangu, nimeitwa tena. Safari hii nitafune, au nisitafune?" Swali si langu.

Bwana Tillery, mama yuko jikoni anasubiri jibu lako. Ninyi nyote mliokaa mkanivumilia, nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Bi. Verdell, fungua daftari. Andika atakachojibu.