Bi Taratibu na Picha ya Pili

Marehemu, ambaye wenzake kazini walimwita Bi Taratibu na jina likamfuata hadi nyumbani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba karani wa posta. Alikuwa mtoto mwoga. Hatusemi hivyo kwa kumdharau, kwani mwenyewe alizoea kusema kwamba wenzake walizaliwa wakilia, yeye alizaliwa akichungulia.

Hofu yake kubwa ilianza siku moja akiwa na miaka saba, mama yake alipopelekwa hospitali kupigwa picha ya kifua. Mtoto aliachwa kwenye benchi, nje ya mlango mzito. Akasikia sauti ya mwanamume kutoka ndani: "Vuta pumzi. Usipumue." Kisha kimya. Neno la kumruhusu mama apumue tena halikumfikia. Naye huko nje akabana pumzi yake, amsindikize mama, mpaka akaanguka sakafuni puu! Mama alitoka akifunga vifungo vya blauzi, akamkuta muuguzi anampepea bintiye kwa faili.

"Kwani mgonjwa ni nani hapa?" mama akauliza.

Familia ilikicheka kisa hicho miaka nenda rudi. Yeye hakukicheka.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwao, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1992 akahitimu chuo kikuu katika fizikia. Watu walishangaa alipochagua kufanya kazi na eksirei ileile iliyomwangusha. Mdogo wake alipomuuliza, alimjibu, "Kama haiepukiki, bora nikae upande wa swichi."

Tangu mwaka 1995 alihudumu kwenye maabara yenye hadubini ya eksirei, mashine inayoonyesha ndani ya chembe hai moja, nzima, bila kuikata wala kuipaka rangi. Chembe iligandishwa ghafla kwa baridi kali, ikawekwa kwenye ncha ya kioo chembamba kuliko unywele, ikageuzwa kidogo kidogo huku ikipigwa picha kila upande. Mlango ukibamizwa mahali popote kwenye jengo lile, picha iliingia ukungu. Ndiyo maana kila aliyeshika kitasa aliambiwa, "Taratibu!" Hata nyumbani kwake hakuna mlango uliowahi kulia. Wageni walidhani kuna mtoto amelala.

Kulikuwa na jambo jingine alilolisisitiza. Mionzi ile ni mikali, na kila inapoiangaza chembe huiumiza. Siku moja mtafiti mgeni, kwa tamaa ya picha safi zaidi, aliirudia chembe iliyokwisha kupigwa. Kwenye kioo cha kompyuta yakaonekana mapovu.

"Umeipika," Bi Taratibu akamwambia. "Hiyo si picha tena, ndugu yangu, ni uji."

Tangu hapo kila mgeni alisomewa sheria ile: tazama mara moja, tosheka. Sheria ilikuwa nzuri kwa kazi ile. Kosa ni kwamba alitoka nayo kazini.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na fundi wa majokofu aliyekuja kutengeneza matangi ya baridi ya maabara. Fundi alisema alimpenda kwa jinsi alivyomkaripia kwa kunong'ona. Mwaka uliofuata walijaliwa binti mmoja.

Agosti 2023 alipata kinundu kwenye titi. Alipigwa picha, haikuwa wazi, akaitwa arudi kupigwa nyingine. Hakwenda. Daktari alimweleza kwamba mionzi ya hospitali ni hafifu mno ukilinganisha na ile ya kazini kwake.

"Hesabu zake nazijua, daktari," alisema. "Mwili wangu ndio haujui hesabu."

Mumewe naye alimsihi. "Mama, ile yenu kazini ni tanuri. Hii ni kibiriti tu."

"Kibiriti pia huunguza, baba."

Alikubali Novemba 2024, baada ya mgongo kuanza kumuuma. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mifupa.

Aprili mwaka huu binti yake naye alipigwa picha ya titi. Naye akapigiwa simu arudi kwa ya pili. Hakumwambia mtu ila mama yake mdogo, tena kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa na ukuta. Mgonjwa, aliyekuwa chumba cha pili, alisikia. Nyumba isiyo na kelele haifichi kitu. Akamwita.

"Siendi, mama," binti alisema. "Si wewe uliyesema picha ya pili huharibu?"

Marehemu alimvuta akae kando ya kitanda.

"Nilijidhania sampuli, kama zile chembe za kazini," akasema. "Sampuli imeshagandishwa, haiwezi kujitibu. Mimi nilikuwa hai, mwanangu. Mwili ulio hai hujitengeneza. Nenda. Wakikuambia usipumue, usiogope. Kuna neno la pili. Mimi ndiye sikulisikia."

Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono. Aliogopa hadi mwisho, na hakuficha.

Ameacha mume; binti; mdogo wake; na mama yake mzazi, ambaye alitoka salama kwenye mlango ule miaka hamsini iliyopita na yuko nasi hapa leo, ameketi mstari wa mbele.

Binti ameruhusu lisemwe hili pia. Picha yake ya pili ni Alhamisi ijayo. Hajui itaonyesha nini, wala sisi hatujui, na hakuna aliyelala vizuri nyumbani. Lakini atakwenda. Mama yake mdogo atakaa kwenye benchi nje ya mlango, atasikiliza mpaka neno la pili lisemwe, na lisipomfikia ataugonga mlango aulize.

Dada apumzike kwa amani. Na tutakapomfunika, wenye koleo, tunawaomba: taratibu.