Vigingi vya Thangkima

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba mnisikilize, maana tumewaleta hapa uwanja wa shule badala ya nyumbani kwa marehemu, jambo ambalo kwetu Wamizo wa milima hii ya India ni aibu, na sababu yake imo katika historia yake.

Binamu yetu mkubwa, kaka Thangkima, alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 hapa kijijini Tlangsei, mtoto wa kwanza wa mjomba Kapthianga, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, na ndiye aliyetubeba mgongoni sisi wadogo zake kuvuka korongo, akitutania njia nzima kwamba tumenona kama nguruwe wa Krismasi.

Tarehe 3 Mei 1984 aliajiriwa kibarua wa barabara, na kwa miaka thelathini na mitano kazi yake ilikuwa kuondoa udongo wa maporomoko, wakati mwingine pamoja na waliofunikwa nao, ndiyo maana mlima aliujua kuliko sisi sote. Alifunga ndoa na Biakveli tarehe 9 Desemba 1988, wakajaliwa watoto wawili, Malsawmi na Zodina.

Agosti 2017 aliona ufa ardhini nyuma ya kanisa, juu kidogo ya nyumba yake, akapigilia vigingi vya mianzi kila upande, na kila Jumapili baada ya ibada akapima nafasi iliyo kati yavyo kwa utepe wa mkewe wa kupimia nguo. Tukamwita Daktari wa Mlima, nami nilicheka pamoja na wengine, na leo kicheko hicho kinanichoma. Mara tatu aliomba mtaa wa juu uhame, mara tatu wazee wakasema tusubiri kwanza paa jipya la kanisa likamilike.

Mapafu yalianza kumsumbua Desemba 2022, akalazwa hospitali, na alipoona hatapona alimwita mkewe akamwambia, "Nikifa msinililie nyumbani. Mtajaa mle kijiji kizima, na mvua ya Julai haitawaonea haya." Alifariki jana, Jumapili tarehe 9 Julai 2023, saa kumi na moja alfajiri.

Shemeji Biakveli aliujua wosia huo, lakini kwetu mfiwa haachwi peke yake, siku tatu nyumba hujaa watu wakiimba. "Nitawaambiaje watu wasije?" aliniuliza, basi jana mkajaa hadi barazani. Leo asubuhi Malsawmi, anayepima tangu baba yake alazwe, alikwenda tena, akakuta vigingi vimeachana vidole vinne zaidi tangu alipopima juzi, na vijana wakaleta habari kwamba kaburi walilokuwa wakilichimba kule juu limepasuka ubavu kabla kina chake hakijafika kiunoni, ikabidi wachimbe jingine huku chini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, vibarua wenzake waliotembea kwenye matope tangu alfajiri, na vijana waliochimba makaburi mawili kwa mtu mmoja. Nyimbo za siku tatu zitaimbwa hapa hapa, na anayeishi mtaa wa juu asirudi, hata kuchukua sufuria.

Nimeambiwa sasa hivi kwamba kina mama sita wamebaki jikoni kwa marehemu wakituchemshia chai. Wimbo wa mwisho usubiri, vijana wakimbie wakawatoe kwanza. Pumzika kwa amani, kaka Thangkima, safari hii tumekusikia.